Salamu za Nane Nane kutoka Lushoto, na kisa cha maua ya Hitcham

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Sikukuu ya Wakulima. Wazee wetu shikamooni. Vijana, poleni na kazi. Huku Lushoto baridi bado inauma, na ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Mahindi ya masika yamekwisha kuingia ndani, viazi vinaendelea kuchimbwa, na magari ya mboga yanateremka Soni kama kawaida. Mlio njiani kwenda viwanja vya Nyerere, Morogoro, safari njema. Mlioko Mbeya, tupigieni picha pale viwanja vya John Mwakangale, na wa Dodoma msisahau Nzuguni kuna vumbi. Tuliobaki nyumbani tunapumzisha jembe, ila wenye karoti shambani, maana karoti haijui sikukuu.

Watu wa umri wangu mnakumbuka kwamba zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba. Baadaye wakulima tukahamishiwa Agosti, wafanyabiashara wakabaki na Julai yao. Mimi naona tulipata tarehe nzuri zaidi, kwa sababu Agosti mtu ana kitu mkononi cha kuonyesha. Na hapo ndipo swali langu la kila mwaka linapoanzia: anayeonyesha ni nani? Kwenye mabanda ya siku hizi nakutana na taasisi, benki, kampuni za mbegu na za matrekta, na vipeperushi vya kujaza kikapu. Sisemi havina faida. Tuzo za mkulima bora na mfugaji bora nazo zipo, hongera kwa wanaozipata. Ila mama aliyelima robo eka ya viazi kule Mlalo, meza yake iko wapi?

Niruhusuni katika salamu hizi niwapeleke mbali kidogo, kwenye kijiji cha Hitcham, mkoa wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1837 kijiji hicho kilipewa kasisi mpya, John Stevens Henslow. Alikuwa profesa wa mimea Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwanafunzi wake mmoja mnamjua wote: Charles Darwin. Ni Henslow aliyempendekeza Darwin kwa safari ya meli ya Beagle mwaka 1831. Mtu wa hadhi hiyo akajikuta katikati ya vibarua wa mashambani wasio na ardhi, ujira wao mdogo, watoto wao hawasomi, kanisa lenyewe halina watu. Suffolk ya miaka hiyo vibarua wenye hasira walikuwa wakichoma moto mirundo ya nafaka ya mabwana zao usiku. Haikuwa Uingereza ya kwenye kadi za Krismasi.

Henslow alifungua shule. Akawafundisha wenye mashamba habari za mbolea. Mwaka 1843 alikwishaona kwamba mawe fulani ya pwani ya Suffolk yana fosfeti, na kutokana na jicho hilo ikazaliwa biashara kubwa ya mbolea katika eneo lile. Halafu akagusa penye kidonda: akagawa vipande vidogo vya ardhi ili vibarua wavikodi na kulima chakula chao wenyewe. Wenye mashamba wakaja juu. Waliona kibarua mwenye kipande chake atahifadhi nguvu kwa ajili ya kipande hicho, na kwa bwana atafika amechoka. Walitishia kuwanyima kazi wenye vipande. Kasisi hakurudi nyuma.

Maonyesho ya maua na mazao ya Hitcham yalitokana na vipande hivyo. Yalifanyika kwenye uwanja wa nyumba ya kasisi wakati wa kiangazi. Kibarua aliyedharauliwa mwaka mzima alileta viazi, vitunguu, kabichi na maua yake, akaviweka mezani chini ya hema, watu wote wakapita kuviangalia, na aliyeshinda akapewa tuzo yake mbele ya bwana wake. Jirani ya meza hizo Henslow alisimamisha hema lingine lenye vitu vya ajabu vya kutazama, makumbusho ya siku moja, na mwenyewe akasimama pale akieleza kwa maneno mafupi kitu hiki ni nini na kile kimetoka wapi. Profesa wa Cambridge akiwafafanulia wachunga kondoo!

Kinachonifurahisha zaidi ni watoto. Aliwafundisha watoto wa kijiji elimu ya mimea kwa hiari yao, na kabla ya kuingia darasani ilibidi mtoto aweze kutaja herufi za majina magumu ya kisayansi ambayo hata mimi nisingethubutu kuyaandika hapa. Watoto hao, wengi wao wasichana wa vibarua, walizunguka mashambani na vichakani wakichuma maua ya porini, na kwenye maonyesho kulikuwa na zawadi kwa shada bora. Bustani ya kulima mtoto hana, lakini macho anayo na njia ya kwenda shule ina maua. Alipofariki mwaka 1861 Henslow alikuwa bado kasisi wa Hitcham.

Si yeye aliyebuni mashindano ya maua. Kule Norwich wapenda maua walikuwa na karamu yao mapema kabisa, na mwaka 1631 hata mchezo wa kuigiza ulichezwa kwa ajili yao. York wana chama cha tangu 1768 kinachoishi mpaka leo. Kaskazini, mafundi wa kufuma nguo walishindania ua moja dogo la asili ya milimani, wakikutana kwenye vilabu vya pombe, na tuzo iliyotamaniwa ilikuwa birika la shaba. Kwa hiyo mikono ya watu wa kawaida ilikuwamo tangu zamani. Baadaye ndipo mitindo ya kasisi na bwana mkubwa wa kijiji ilipoenea nchi nzima, na mara nyingi, nasema wazi, kwa nia ya kuwatoa vibarua kwenye pombe na kuwafundisha adabu. Nia hiyo siipendi sana. Meza naipenda.

Meza ya maonyesho ya kijiji ina sheria zake hadi leo. Ukiambiwa sahani ya viazi vitano, leta vitano. Ukileta sita, mwamuzi ataandika kwamba hukufuata masharti na kupita, hata kama viazi vyako vinang'aa kama mayai. Wakati wa kuamua, hema hufungwa na wenye mazao hukaa nje wakijifanya hawana wasiwasi. Ukubwa peke yake hausaidii. Vitunguu vinatakiwa vifanane, shingo zimefungwa vizuri kwa uzi. Maharage yanyooke na yalingane urefu. Mtu huchimba safu nzima ya viazi kutafuta vitano vinavyofanana. Jaribuni kesho shambani kwenu, mtaona kazi yake.

Na yapo mashindano yaliyotikisa nchi. Mwaka 1911 gazeti la Daily Mail lilitangaza pauni 1,000 kwa shada bora la maua ya njegere zenye harufu nzuri, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mashada yalimiminika London kwa maelfu. Zawadi ya kwanza ikaenda kwa mke wa mchungaji mmoja wa Sprouston, kijiji cha Scotland karibu na mpaka, na mchungaji mwenyewe akapata ya tatu, pauni 50. Fikirini mazungumzo ya chakula cha usiku nyumbani kwao.

Sasa turudi milimani kwetu, maana tunahusika. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani katika eneo letu, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota mmea mdogo wa maua ya zambarau, ule unaoota penye kivuli na unyevu kwenye mawe ya misituni Usambara na mabonde ya Tanga. Akaupeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia, ukaonyeshwa Ghent kule Ubelgiji, na toka hapo ukasambaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Leo ni kawaida kuukuta kwenye meza za maonyesho ya vijiji vya Uingereza, umekaa kwenye chungu, umepigwa brashi majani, umewekewa kadi ya ushindi. Kwetu tunaupita tukienda kukata kuni, na msitu unaoufunika unapungua.

Majirani zetu wa Kenya walirithi desturi hii moja kwa moja: chama kinachoendesha sho za Nairobi na Mombasa mizizi yake ni ya mwaka 1901, enzi za walowezi. Miaka mingi Mwafrika alikuwa pale kubeba mizigo ya wenzake. Kwa hiyo nikisema tuchukue meza ya Hitcham, sisemi tuchukue na kiti cha bwana.

Ombi langu kwa Nane Nane ijayo ni dogo. Kabla ya watu kupanda basi kwenda Morogoro, kila kata iweke siku moja sokoni na meza moja ndefu. Sahani ya viazi vitano. Karoti tatu, zisisuguliwe kwa brashi. Maharage ya mbegu kwenye kikombe. Ua moja kwenye chupa ya soda. Na shada la maua ya porini kwa watoto wa shule ya msingi, kila ua litajwe jina lake la Kisambaa kama bibi alivyofundisha. Anayetaka kusaidia kupanga aseme mapema. Waamuzi tuwaazime kata ya mbali, wasio na shemeji hapa, tuwape chakula cha mchana matokeo yakiwa bado mfukoni, na pikipiki ya kuwarudisha iwe inanguruma.