Jina la Filipo

Mpendwa Baraka,

Salamu kwako na kwa shemeji, na hongereni sana kwa mtoto wa kiume. Nimefurahi kusikia mnampa jina la babu yake, Filipo.

Umeniuliza kama ni jina la Kiyahudi, kwa kuwa Filipo alikuwa mmoja wa mitume. Mtume mwenyewe alikuwa Myahudi wa Bethsaida, ila jina ni la Kigiriki tupu. Nadhani ndiyo sababu wale Wagiriki wa Yohana 12, waliotaka kumwona Yesu, walimwendea yeye kwanza.

Kigiriki chake ni Philippos. Limeungwa kwa phil-, kupenda, na hippos, farasi: mpenda farasi. Ile h ya hippos imemezwa baada ya l, lakini p zote mbili zimebaki. Kwa hiyo mkitaka tahajia ya kizungu kwenye cheti cha kuzaliwa, msiandike l mbili kama wafanyavyo wengi, maana asili yake ina moja tu. Mimi ningeandika Filipo, kama lilivyo katika Biblia yetu.

Sasa, kwa nini farasi? Ugiriki ni nchi ya milima, malisho ni haba, na kufuga farasi kulikuwa kwa wenye mali. Huko Athens, katika mpango wa Solon, mtunga sheria wao, tabaka la pili kwa utajiri liliitwa hippeis, wapanda farasi. Jina lenye hippos ndani yake lilitangaza ukoo. Aristophanes alilionyesha hilo vizuri mno katika tamthilia yake ya Mawingu, mwaka 423 KK. Mama, binti wa ukoo mkubwa, anataka mtoto aitwe Xanthippos au Kallippides. Baba, mtu wa shamba, anataka jina la babu, lenye maana ya kubana matumizi. Wanagombana, kisha wanapatana: Pheidippides, ubanaji na farasi ndani ya jina moja! Napenda sana kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba wazazi hawakutafuta maana tu. Waliunganisha vipande ili kila upande wa familia upate sehemu yake.

Mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia aliliishi jina lake. Mwaka 356 KK farasi wake alishinda kule Olympia, na mwaka huohuo akazaliwa mwanawe Aleksanda. Mji wa Krenides akaupa jina lake, Filipi, na wakazi wake ndio Wafilipi walioandikiwa waraka na Paulo.

Jambo moja la sarufi utalipenda. Kwa Kigiriki jina lenyewe hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi: Philippos akitenda, Philippon akitendwa, kitu chake ni cha Philippou, na akiitwa ni Philippe. Katika Yohana 14:9 Yesu anamwita hivyo hasa, Philippe. Sisi jina hatuligusi. Mzigo huo unabebwa na kitenzi na viunganishi.

Na kumpa mtoto jina la babu yake ilikuwa desturi ya Wagiriki pia, hasa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mzee atakuwa amefurahi mno. Msalimie sana, na unijulishe tarehe ya ubatizo mapema ili nipange safari.

Ndugu yako,
Elia