Gitaa lako la kwanza: barua kwa binti yangu aliye Kolwezi

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba umeizoea kazi na kwamba jioni zako sasa zina nafasi ya muziki. Umeniuliza ununue gitaa gani, ukanieleza lile uliloliona dukani, jekundu, linalong'aa, lenye tundu la kuchomeka waya. Nakuomba usilinunue kwa sasa. Sisemi kwamba ni baya, maana sijalishika. Nasema hivyo kwa sababu hujaniambia unataka kupiga nini, na gitaa huchaguliwa kwa muziki unaotaka kuutoa ndani yake kabla ya kuchaguliwa kwa rangi au kwa bei.

Wageni wanaoingia sebuleni kwetu huyaona magitaa yaliyotundikwa ukutani na kudhani kwamba baba yako hukusanya tu, kama wengine wanavyokusanya saa au viatu. Wewe umekulia humu, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza kwamba hakuna mawili yanayofanya kazi moja. Lile la nyuzi za nailoni lina shingo pana, hivyo vidole vinapata nafasi, na sauti yake ni laini. Ndilo ninalolipigia nyimbo za kanisa. Lile la umeme, ambalo wewe na kaka yako mlikatazwa kuligusa mlipokuwa wadogo, limefungwa nyuzi kwa namna ambayo wanamuziki wa Kinshasa huiita mi-composé: uzi wa nne, re (ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaotoa re ya oktavu ya juu. Kwa badiliko hilo dogo, gitaa linaingia katikati ya solo na akompa, yaani gitaa la kusindikiza, bila kuzifunika, na sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, inapata ule mlio wa kumetameta unaowainua watu vitini. Nililinunua kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Kama ningetaka kulitumia kwa nyimbo za kanisa, lingenisumbua mimi na kuwasumbua waumini.

Ninalotaka kulizungumzia zaidi ni lile dogo la nyuzi za chuma, alilolinunua nkambo wako, babu yako, alipokuwa akifanya kazi mgodini. Ni Gallotone, lililotengenezwa Afrika Kusini. Magitaa ya aina hiyo hayakuwa ya kifahari. Yalikuwa ya watu wa mshahara mdogo, na baadhi yake yalibandikwa ndani karatasi ya kiwanda yenye ahadi kwamba hayatapasuka. Ahadi hiyo ilikuwa na msingi. Mwili wake ni wa tripleksi, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikielekeza nyuzinyuzi zake upande tofauti, hivyo ubao mmoja ukitaka kusinyaa mwingine unauzuia. Sauti yake ni kavu na fupi ukilinganisha na ya gitaa la ubao mzima, na wenye maduka ya ughaibuni hawalihesabu kuwa kitu, isipokuwa kwa sababu kijana mmoja wa Liverpool, John Lennon, alianza na la chapa hiyo hiyo. Mimi nalithamini kwa sababu nyingine kabisa. Ukavu ule ndio unaoufaa muziki wa kwetu Katanga.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi, akarekodi wimbo wake wa «Masanga». Mwenda alikuwa kijana tu, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1930. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo kwa chapa ya Gallotone, jina lile lile lililo kwenye gitaa la nkambo wako, nazo zikasafiri mpaka Afrika Mashariki na kwingineko. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Nakuandikia haya kwa sababu wenzako kazini watakuambia kwamba gitaa la Kongo lilianza Kinshasa. Mwanangu, huku kwetu vijana walikuwa wakilipiga uani, jioni, baada ya zamu, wakiimba kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea, na walikuwa na mkono wao wenyewe.

Ndio mkono ninaotaka uujifunze kwanza. Gumba linapiga nyuzi nene, kidole cha shahada kinapiga nyuzi nyembamba, na vidole vingine havina kazi. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani kuna wapigaji wawili. Anza hivi: shika akodi ya do, kidole cha pete kwenye chuma cha tatu cha uzi wa tano (vyuma ni vile vijiti vilivyokatiza shingo, vinavyohesabiwa kuanzia kichwani), cha kati kwenye chuma cha pili cha uzi wa nne, cha shahada kwenye chuma cha kwanza cha uzi wa pili. Kisha sahau kila kitu isipokuwa gumba: uzi wa tano, uzi wa nne, wa tano, wa nne, bila kuharakisha, mpaka uweze kuzungumza na mtu huku gumba likiendelea. Hapo ndipo utakapokiruhusu kidole cha shahada kiingie, nacho kiingie kati ya mapigo ya gumba, kisiingie pamoja nayo. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu gumba hutaka kukifuata kidole. Rudi kwenye gumba peke yake, kila mara. Ukimpata mtu wa kugonga chupa kwa msumari pembeni yako, kama walivyofanya wazee, utaona jinsi mkono unavyotulia.

Siku utakapofika dukani kununua la kwako, usianze kwa kulipiga. Lishike kama unavyoshika bunduki, ulenge jicho kwenye shingo kutoka kichwani kuelekea darajani, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, na utaona kama limepinda. Gusa uzi juu ya chuma cha kumi na mbili bila kuubonyeza, upige, usikilize. Halafu ubonyeze hapo hapo, upige tena. Chuma hicho kiko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo sauti mbili hizo lazima zilingane. Zikikosana, hata ukikaza nyuzi namna gani, gitaa hilo litakuwa likidanganya kadiri unavyopanda shingo. Pitisha ukucha chini ya daraja uone kama limeanza kubanduka. Na usikubali kamwe muuzaji akufungie nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa sababu eti zina sauti zaidi. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa jumla kama kilo 40, na za chuma, hata zile nyembamba, huvuta kilo 60 au 70, daraja litang'oka.

Hali ya hewa yetu nayo ni ya kuangalia. Kuanzia Mei mpaka Septemba hewa hukauka, mbao husinyaa, na ukipapasa ukingo wa shingo utasikia ncha za vyuma zikikukwaruza kidole. Gitaa la ubao mzima linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mimi huweka sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, nikakifungia kwenye kasha pamoja na gitaa. Nafanya hivyo hasa kwa lile alilonitengenezea seremala wa Kamalondo, lenye mgongo wa mukula, ule mti wa mbao nyekundu. Unaijua miti hiyo; umeyaona malori yakiibeba magogo kwa magogo kuelekea mpakani, na bado inaniuma, kwa sababu mti huo una mlio ambao mafundi wa Ulaya wangeulipia ghali, nasi tuliuachia uende bila hata meza moja kutengenezwa hapa. Mwaka 2019 uliwekwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo biashara yake nje ya nchi inahitaji kibali. Mgongo wa gitaa langu ni mwekundu wa kahawia, na ukiupiga kwa kifundo cha kidole unaitika. Hilo siwezi kukutumia. Kiangazi cha huko pasipo mtu wa kulitunza kingelipasua.

Nakutumia Gallotone ya nkambo. Litavumilia hewa ya Kolwezi, nyuzi zake zitakomaza vidole vyako, na mkono ninaokufundisha ulizaliwa kwenye magitaa ya namna hiyo. Nimelifunga nyuzi nyembamba ili shingo isilemewe. Shangazi yako anasafiri Jumamosi, naye amekubali kulipakata njia nzima. Nimemwambia asiruhusu liwekwe juu ya basi, hata kondakta akilalamika. Nyuzi nimezilegeza kwa ajili ya safari. Ukilipokea, liache ndani ya kasha mpaka kesho yake lizoee hewa, kisha kaza uzi mmoja baada ya mwingine, kidogo kidogo, ukianza na mi nene: mi, la, re, sol, si, mi. Ndani ya mfuko wa kasha nimeweka nyuzi za akiba za mi nyembamba na si, maana ndizo hukatika mara nyingi.

Gumba likishatulia, nipigie simu jioni, uiweke mezani karibu na gitaa, unipigie akodi ya do polepole. Nitakuambia kwenye simu hiyo hiyo kama kidole kinaingia mahali pake, na la dukani tutalizungumza baadaye.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako