Barua kwa mwanangu anayeanza kazi ya lori

Mwanangu mpendwa,

Ile video uliyoitupa kwenye kundi la familia juzi usiku nimeitazama mara tatu. Mama yako aliicheka, mimi sikuweza. Yule kijana anayesema kwamba dereva mwenye akili hapulizi kamwe, na kwamba askari akikuletea kipimo cha pumzi umjibu "sipulizi, naijua haki yangu", ameeleza nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokula leseni za watu. Wewe Jumatatu unaanza kazi ya lori. Ningekuambia haya ana kwa ana, lakini tukizungumza huwa tunaishia kubishana, na kwa kubishana unanishinda tangu ukiwa sekondari, kwa hiyo naandika.

Vipimo ni viwili, na kijana wako amevichanganya. Cha kwanza ni kile kidude cha mkononi anachokutolea askari pembeni mwa barabara kabla hajakukamata, ili kimsaidie kuamua kama ana sababu ya kukukamata. Hapa California, mtu aliyetimiza miaka 21 na ambaye hatumikii kifungo cha nje kwa kosa la kuendesha akiwa amelewa anaruhusiwa kukikataa hicho, na askari anatakiwa amwambie hivyo. Hata ile mitihani ya kutembea juu ya mstari na kusimama kwa mguu mmoja unaweza kuikataa kwa adabu. Kipimo cha pili huja baada ya kukamatwa, kwa mashine ya pumzi au kwa damu, na hapo ndipo ile haki ya kwenye video inapokatika, kwa sababu sheria inakuhesabu kwamba kwa kuendesha tu katika barabara ya umma ulikwisha kuridhia kupimwa endapo utakamatwa kihalali. New York walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1953, na leo hakuna jimbo lisilo nayo. Ukikataa hapo, leseni inafungiwa mwaka mzima kwa mara ya kwanza, hata kama hukuonja chochote siku hiyo.

Na hiyo ni leseni ya kawaida kama yangu. Yako ya lori ina sheria za serikali kuu juu yake, na nilipozisoma tena jana usingizi uliniruka. Ukiwa kwenye lori kiwango chako ni asilimia 0.04 ya kilevi katika damu, yaani nusu ya ile 0.08 ya madereva wengine. Ukikataa kipimo, huendeshi magari ya biashara kwa mwaka mmoja; kama ulikuwa umebeba mzigo wa hatari, ni miaka mitatu. Mara ya pili unafungiwa maisha, na jimbo likikuhurumia, ni baada ya miaka 10. Usidhani mambo haya yanaishia kwenye lori, kwani hata ukikataa Jumapili jioni ndani ya gari lako dogo, adhabu inaifuata leseni ya kazi.

Najua utaniuliza, na Katiba je? Mahakama ya Juu ya Marekani ililipima swali hilo mwaka 2016, katika kesi iliyotoka North Dakota. Ilisema kwamba kumtoa mtu damu ni kuuingilia mwili wake, kwa hiyo polisi kwa kawaida wanahitaji hati ya hakimu, na jimbo haliwezi kumtia mtu hatiani kwa sababu tu amekataa kutolewa damu bila hati hiyo. Pumzi ikawekwa kando: mtu akishakamatwa kihalali inaweza kupimwa bila hati, na jimbo likitaka linaweza kuufanya ukataaji wenyewe kuwa kosa la jinai. Tena tangu mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo ilikwisha kuruhusu kukataa kwako kutajwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama kama ushahidi, nao watajiuliza ulikuwa unaficha nini.

Haki ulizonazo kweli ni za kimya zaidi, na labda ndiyo maana hazitengenezewi video. Toa leseni, kadi ya usajili na bima. Ukiambiwa ushuke, shuka. Ukiulizwa umekunywa chupa ngapi na umetoka wapi, huna wajibu wa kujibu, na unaweza kusema hivyo kwa sauti ya chini bila kumtolea mtu macho. Wakili unaweza kumtaja, ila usiseme hupulizi mpaka afike, kwa kuwa katika jimbo hili huna haki ya kuonana naye kabla ya kuchagua kipimo, na kule kusubiri kwako kunaandikwa kuwa umekataa.

Hilo la kusubiri wakili ndilo nililolisema mimi. Nilikuwa nimekunywa bia mbili katika kuagana na mwenzetu wa kazini, na nina hakika hadi leo kwamba mashine isingenitia hatiani, lakini nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika hasikii anachosomewa. Walichukua leseni wakanipa karatasi ya rangi ya waridi, ambayo ni kibali cha siku 30. Mgongoni mwake iliandikwa kwamba nina siku 10 za kuomba kusikilizwa. Niliikunja mara nne nikaiweka kwenye pochi, nikaja kuigeuza siku ya kumi na nne. Mashtaka ya ulevi yalifutwa mahakamani, lakini leseni haikurudi, kwa sababu ofisi inayotoa leseni ina utaratibu wake na haikungoja mahakama. Mwaka ule ambao mama yako alikuwa akikupeleka shuleni na kunishusha mimi kazini, gari langu halikuwa limeharibika giaboksi.

Sikuandiki haya kwa kuwa nakudhania mlevi. Umefaulu mtihani wa lori mara ya kwanza, jambo ambalo baba yako hakuliweza, na nimewaambia watu wengi kuliko ulivyonituma. Ninachoogopa ni mdomo wako, ambao umeurithi. Ukishakamatwa, puliza. Ubishi upeleke kwa wakili kesho yake, na ile karatasi uigeuze usiku huo huo.

Halafu ile dawa yako ya kusukutulia iliyobaki bafuni, kama unasafiri nayo, soma chupa. Nyingi zina kilevi, nacho hukaa kinywani kwa dakika kama 15. Ndiyo sababu kabla ya kupuliza mashine ya ushahidi mtu hukalishwa na kuangaliwa kwa muda huo. Usisukutue ukiwa umekaa kwenye usukani.

Kadi mpya ya bima ya gari lako dogo ipo kwenye bahasha juu ya friji. Iliyomo kwenye droo ya gari imekwisha muda, itoe. Mama yako anauliza kama lile blanketi la kijivu unaondoka nalo au ampe mdogo wako.

Baba yako