YAH: Bodi 60 zenye diodi zilizogeuzwa, na jibu tulilopewa

Kwa Meneja wa Uzalishaji,

Salamu. Namba ya oda iko kwenye kichwa cha barua pepe hii, na masharti yenu ya kuunganisha vipuri mnayajua kuliko sisi. Tuingie kwenye jambo lenyewe.

Diodi D3, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imegeuzwa kwenye bodi zote 60 za saketi mlizotuunganishia. Kabla ya kazi kuanza, mhandisi wenu aliuliza kathodi, yaani mguu hasi wa diodi, inakaa upande gani. Lilikuwa swali zuri, kwani faili ya uwekaji wa vipuri inayotoka KiCad, programu ya kuchorea bodi, na maktaba ya mashine zenu hazikubaliani kila mara kipuri kisipozungushwa (nyuzi sifuri) kinaelekea wapi. Tukamjibu kwa picha: mshale mwekundu, herufi K, upande wa soketi ya umeme. Akaandika kwamba ameelewa na amesahihisha, nasi tukaidhinisha. D3 ndiyo inayopitisha umeme wote unaoingia. Ikigeuzwa, bodi haiwaki.

Tulipolalamika, mhudumu wenu alijibu kwamba kwa kuwa muundo ni huria na faili zake anaweza kuzipakua yeyote, kiwanda hakina dhamana nazo. Tukiwa bado tunapakia picha za eksirei, akafunga shauri.

Picha hizo hazikuhusu diodi peke yake. Tulipoigeuza wenyewe kwenye bodi chache ili tuone kama zingine zote ni salama, yakatokea mengine. Chini ya mikrokontrola, chipu inayoongoza bodi, kuna pedi kubwa ya kupoza joto. Kwenye faili ya stensili, kibati chenye matundu ya kupakia solda, tuliigawa madirisha 9 madogo, makusudi, ili solda isizidi. Ninyi mkayaunganisha yakawa tundu moja. Solda ikajaa, chipu ikaelea juu yake ndani ya tanuri na kuinama upande mmoja, na miguu ya kona ikabaki hewani. Hakuna aliyetuuliza kabla ya kubadilisha faili hiyo.

Halafu kapasita. Orodha ya vipuri inasema 10 µF, volti 25, ya kauri ya daraja la X7R, na safu ya mwisho ya mstari huo imeandikwa USIBADILISHE. Mmeweka ya daraja la Y5V, ya volti 6.3, kwenye njia ya volti 5. Thamani ya X7R haipotoki zaidi ya asilimia 15 kuanzia nyuzi −55 hadi 125 za Selsiasi. Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake ndani ya masafa yake ya joto, na hapo hatujahesabu inachopoteza ikibebeshwa volti zinazokaribia kikomo chake. Ndiyo maana hata bodi zilizorekebishwa diodi hujizima na kujiwasha kila redio inapoanza kurusha.

Mtatuonyesha cheti cha upimaji. Tunacho. Kinahusu bodi tupu: sindano hutafuta nyaya zilizokatika na shoti kabla ya kipuri chochote kuwekwa. Na kamera ya ukaguzi baada ya tanuri hulinganisha bodi na ile ya kwanza iliyokubaliwa. Ya kwanza ikiwa na diodi ya kinyume, zote zitapita kwa shangwe.

Sasa turudi kwenye jibu lile, maana tukilipita tutakuwa tumelikubali. Mhudumu alikuwa na picha ya mshale mwekundu juu kidogo, kwenye mazungumzo yale yale. Chini yake kulikuwa na maneno ya mhandisi wenu mwenyewe, "nimeelewa, nimesahihisha". Hakuhitaji utaalamu, alihitaji kusogeza ukurasa. Badala yake akatufundisha kwamba muundo huria hauna mwenyewe, kisha akafunga mlango picha zikiwa njiani. Leseni ya CERN-OHL-S, leseni ya vifaa huria tunayoitumia, inamruhusu yeyote kutengeneza bodi hii. Haimruhusu anayelipwa kuitengeneza aikosee. Na jina la leseni hiyo, pamoja na anwani ya michoro, mmelifuta kwenye maandishi ya juu ya bodi mkachapa namba yenu ya oda, ingawa tuliitengea nafasi upande wa chini.

Tulikusudia kuomba bodi 60 mpya, basi. Lakini ombi hilo tuliliandika kabla shauri halijafungwa. Kurekebisha hizi si kazi ya chuma cha kulehemu tu: bodi ina tabaka nne, shaba yake ya ardhi (njia ya kurudishia umeme) inanyonya joto, na chipu ile haiondoki bila hewa moto na sahani ya kupashia kutoka chini. Kwa hiyo tunataka fedha zote, za bodi, vipuri, stensili na usafirishaji. Tunataka pia maelezo ya maandishi: nani alibadilisha faili ya stensili, na nani aliidhinisha Y5V. Na tunataka jibu la mhudumu lifutwe kwa barua iliyosainiwa nawe, Meneja, si naye.

Tunawapa siku 7. Zikipita, tutapinga malipo kupitia benki iliyotoa kadi, na picha za eksirei, mshale mwekundu na jibu lenu, neno kwa neno, vitawekwa kwenye mwongozo wa utengenezaji unaoambatana na faili za mradi. Kila anayetaka kuagiza bodi hii huusoma kabla ya kuchagua kiwanda. Kama mlivyosema wenyewe, anaweza kuzipakua yeyote.

Kwa heshima,
Mratibu wa uzalishaji, kwa niaba ya mradi