Mdogo wangu, kuhusu ile sindano uliyoiomba

Mdogo wangu,

Miaka miwili imepita tangu usiku ule kando ya kitanda cha Baba alipokuwa mahututi, na hatujawahi kuuzungumzia. Tunapigiana simu, tunaulizana habari za watoto, tunacheka, kisha mmoja wetu akimtaja Baba tunahamia haraka kwenye mambo mengine. Nakuandikia hadharani kwa sababu nilikuaibisha hadharani, mbele ya daktari na muuguzi.

Ulimuuliza daktari kama hakuna sindano ya kumpumzisha moja kwa moja. Mimi nikadakia, "Usiue!" kwa sauti ya mimbarini, kana kwamba wewe hukufundishwa amri kumi. Ukatoka nje. Uliporudi ulichukua kipande cha pamba, ukakichovya kwenye maji, ukaendelea kumlowanisha Baba midomo. Mimi nilikuwa pembeni natafuta mstari mwingine.

Bado naamini Mkristo hana ruhusa ya kumuua mgonjwa kwa kumhurumia. Hilo sitakuficha. Lakini kuna jambo la usiku ule ambalo hulijui. Ulipokuwa nje, muuguzi alikuja na mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu. Nikamwambia aiache kwanza, maana niliogopa ingemmaliza Baba na dhambi ingekuwa juu yangu. Akasitasita, akaandika kwenye faili kwamba ndugu wamekataa. Kule kuguna kwa Baba hadi alfajiri, ulikodhani ni ugonjwa tu, mkono wangu ulikuwemo.

Na imani niliyojidai kuitetea haikunituma hivyo. Mwaka 1957 madaktari wa usingizi walimpelekea Papa Pius XII swali hilohilo: je, inafaa kumtuliza mgonjwa kwa dawa ambayo huenda ikafupisha maisha yake? Akajibu kwamba inafaa, ikiwa hakuna njia nyingine na kinachokusudiwa ni kutuliza maumivu. Hati ya Vatikani ya mwaka 1980 kuhusu eutanasia, yaani kumuua mgonjwa kwa kumhurumia, ikalirudia jibu hilo. Tena madaktari wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, wanasema mofini ikipimwa vizuri kwa kawaida haiharakishi kifo, kwa hiyo hata hofu yangu ilikuwa ya bure.

Mwaka huohuo wa 1957 Pius alisema pia kwamba mtu halazimiki kung'ang'ania kila mashine iliyopo. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeandika mwaka 1995 kwa maneno makali kupinga eutanasia, alipofikia siku zake za mwisho mwaka 2005 alibaki chumbani kwake Vatikani, hakurudishwa hospitali. Hakuna aliyesema kajiua.

Sisi wawili tulivurugana. Wewe ulitaka maumivu yaishe, ukadhani njia iliyobaki ni kifo. Mimi nilikimbia kifo, nikageuka mlinzi wa maumivu.

Nimesoma habari za Cicely Saunders, muuguzi Mwingereza aliyekuja kuwa daktari, Mwanglikana aliyepinga eutanasia waziwazi. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice huko London, nyumba ya kutunzia wagonjwa wanaokaribia kufa. Alisisitiza dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa asingoje mpaka aombe. Alifundisha pia kwamba maumivu si ya mwili peke yake. Yamo ya hofu, ya upweke, ya ugomvi wa nyumbani uliobaki bila kusuluhishwa.

Kwa upande huo hata Oregon kule Marekani, ambako sheria ya kusaidiwa kufa ilianza kutumika mwaka 1997, ripoti za kila mwaka zinaonyesha kwamba wanaoiomba hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia na kupoteza heshima mara nyingi zaidi kuliko maumivu. Hapo ndipo ninapokataa kusogea. Baba alituambia mara ngapi, "Nawachosha"? Mgonjwa husoma nyuso zetu. Ukimwonyesha mlango wa kutokea, kabla hajaamua atatuangalia kwanza kama tunapiga miayo.

Najua utanitajia Desmond Tutu, yule askofu mkuu wa Kianglikana wa Afrika Kusini. Kweli, mwaka 2014 aliunga mkono hadharani haki ya kusaidiwa kufa, na mwaka 2016, alipotimiza miaka 85, akasema naye angependa awe na hiari hiyo. George Carey, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, naye alibadili msimamo mwaka 2014. Sikubaliani nao, ila sithubutu kusema hawamjui Mungu. Usiku ule ningethubutu.

Wahubiri wengi hukimbilia kisa cha yule Mwamaleki aliyejisifu kwamba amemmalizia mfalme Sauli aliyekuwa akiteseka. Sioni kama kinatufaa sana. Daudi alimwadhibu kwa kumgusa masihi wa Bwana, si kwa habari ya wagonjwa. Afadhali nabii Eliya chini ya mti wa mretemu: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Hakuuawa kama alivyoomba, wala hakukemewa. Aliwekewa mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Nilipoisoma sura hiyo baada ya mazishi niliiona pamba yako.

Waorthodoksi huomba katika liturujia yao wajaliwe mwisho wa Kikristo, usio na maumivu, usio na aibu, wa amani. Kumbe watu husimama kanisani wakaomba kifo kisichouma, kwa sauti, na mapadre wao wakiwaongoza! Laiti ningeijua sala hiyo mapema.

Nisamehe. Na zamu yangu ikifika, kwa kuwa huenda ni wewe utakayekaa na mimi: sindano ya kunimaliza usiniombee. Mashine zikiwa zinanichosha tu, waambie wazizime. Lakini muuguzi akija na mofini saa nane za usiku, mpishe apite, na akitokea ndugu yeyote pale mlangoni na Biblia mkononi, mpe pamba na kikombe cha maji.

Kaka yako