Wazazi vijana wa Ujiji na Gungu hapa Kigoma, unene wa watoto msiisingizie damu ya ukoo

Wanangu asalaam aleykum, hamjambo na watoto. Bibi yenu nimeona niandike maana kila nikikaa barazani nasikia "sisi kwetu wote tuna miili, hata huyu mtoto ni asili tu". Ni kweli ukoo upo, sikatai. Tafiti za mapacha zinaonyesha vinasaba, yaani jeni tunazorithi kwa wazazi, vina sehemu kubwa kwenye unene, na mwaka 2007 wanasayansi waligundua jeni moja wanaiita FTO, mwenye aina yake fulani anachelewa kushiba na hamu ya kula inakuwa juu. Kwahiyo mtoto wa hivyo sio mlafi, acheni kumuita bonge mbele ya wenzake, inamuumiza na haimpunguzi hata kilo.

Ila jamani, mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza duniani walikuwa asilimia 2, mwaka 2022 wakafika 8, sasa kwa miaka hiyo michache damu ya dunia nzima itakuwa imebadilika? Ni maisha. Asubuhi mtoto chai sukari vijiko vinne na maandazi, shule ipo pale tu lakini anapandishwa bodaboda, akirudi soda, na soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 8 vya chai, jioni chipsi mayai, afu anashikishwa simu aangalie katuni huku analishwa, mdomo unafunguka wenyewe hata hajui kama ameshiba. Hiyo ya simu ndo inaniuma zaidi, mtoto anazoeshwa kutolisikiliza tumbo lake.

Kwahiyo nyie wa ukoo wenye miili ndo mnatakiwa kuwahi kuliko wengine. Watu wazima wenye hiyo FTO imeonekana wakiushughulisha mwili nguvu ya jeni inapungua. Na chakula kipo hapahapa, migebuka ya kuchoma, dagaa, matembele, ugali wa muhogo wa kiasi, mawese msiyamwage tu sufuriani. Nyumba nzima mle hivyo, msimtengee yeye sahani ya adhabu kaka yake anakula chipsi pembeni, wala msimlaze njaa, anakua huyo. Anywe maji, aende shule kwa miguu, alale mapema. Shirika la Afya Duniani linasema miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili angalau wastani wa dakika 60 kwa siku, na rede, kombolela na mpira wa mchangani vinatosha kabisa.

Kuna wachache wananenepa sana kabla ya miaka 5 na njaa haitulii hata wakitoka kula sasa hivi, hao wapelekeni kwa daktari, kuna magonjwa adimu yanayotokana na hitilafu ya jeni moja tu. Wengine wote mkienda kliniki ulizeni na urefu, sio kilo peke yake, maana kilo bila urefu haziwaambii kama mtoto amezidi.