Kwa mwanangu anayesomea ukunga: habari za Henhenet

Mwanangu Zawadi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja. Sisi huku hatujambo. Baba yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha, na mdogo wako amesharudi shule.

Unasema mwenzako mmoja alisimama darasani akadai wanawake wa siku hizi ni walegevu, kwamba wa zamani walikuwa wakijifungulia shambani, wanamfunga mtoto mgongoni na kuendelea na jembe. Darasa likacheka, nawe ukakosa la kumjibu. Maneno hayo nimeyasikia tangu naanza kazi. Nimeyasikia kwa waume waliokataa kutoa nauli ya kumpeleka mke hospitali, nimeyasikia kwa mama wakwe, na inaniuma kusema kwamba nimeyasikia pia kwa wauguzi wenzangu, wakimfokea mzazi aliyeishiwa nguvu. Hayo si maneno ya kucheka. Mtu akiyaamini anachelewa, na akichelewa mama anakufa. Ndiyo maana nimeona nikuandikie kirefu.

Kwanza ujue kwamba habari za kujifungulia shambani tumezipata kwa wale waliorudi nyumbani. Waliobaki kule hawakuwahi kumsimulia mtu. Lakini sitaki ubishane na mwenzako kwa hisia, nataka uwe na ushahidi mkononi. Yupo mwanamke wa kale kabisa ambaye mwili wake umehifadhiwa na kuchunguzwa na daktari. Jina lake Henhenet.

Aliishi Misri, takriban mwaka 2050 KK, katika ikulu ya Mfalme Mentuhotep II, yule aliyeiunganisha nchi baada ya miaka mingi ya kugawanyika. Alikuwa kuhani wa Hathor, mungu wa kike ambaye Wamisri walimhusisha na mapenzi na uzazi. Alipofariki alizikwa Deir el-Bahari, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor wa leo, ndani ya hekalu la mfalme mwenyewe, pamoja na wenzake watano, mmoja wao mtoto mdogo wa kama miaka mitano. Jeneza lake la jiwe leo liko New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Kuna mwenzake aitwaye Kawit, ambaye jeneza lake limechongwa picha ambazo ningependa uzitafute kwenye simu yako. Kawit ameketi kitini, ameshika kioo, mtumishi anamtengeneza nywele kwa nyuma, na mbele yake mtu anammiminia maziwa. Pembeni ng'ombe anakamuliwa huku ndama amefungwa mguuni pake, na mchongaji amemwekea yule ng'ombe chozi jichoni. Ukiziona picha hizo, utaapa kwamba wanawake wale hawakukosa kitu duniani.

Mwaka 1935 Douglas Derry, daktari aliyekuwa akifundisha anatomia Cairo, aliuchunguza mwili wa Henhenet. Alikuta nyonga nyembamba, umbo lake si la kawaida, na tundu kubwa lililounganisha kibofu cha mkojo na uke. Wewe jina lake umeshafundishwa: fistula.

Yaliyompata hayahitaji kubahatisha sana, maana mwili wa mwanamke haujabadilika kwa miaka elfu nne. Uchungu unaanza, njia inafunguka, lakini kichwa cha mtoto hakipiti. Mama anasukuma kutwa, anakesha, anasukuma tena. Muda wote huo kichwa kimekigandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena, damu haifiki kwenye nyama ile, na nyama inakufa. Mara nyingi mtoto naye hufia humo humo, kichwa kinalegea, ndipo anatoka. Mama aliyepona anadhani yamekwisha. Siku chache baadaye nyama iliyokufa inabanduka, na asubuhi moja anaamka malazi yamelowa. Tangu hapo mkojo haukai.

Henhenet alikuwa na watumishi, kitani safi na manukato, na mbele ya mfupa wake mwenyewe vyote hivyo havikumfaa kitu.

Nilipokuwa zahanati ya kijijini, alikuja msichana wa umri wako. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, karibu na mlango, amekunja kanga mara kadhaa akaikalia. Waliokuwa jirani naye wakasogea kidogo kidogo mpaka pakabaki nafasi ya watu wawili. Nilipomwita aliinuka akiwa ameshika ile kanga kwa nyuma kwa mkono mmoja, akapita akiangalia sakafu. Mtoto alikuwa amezaliwa mfu nyumbani, baada ya uchungu wa siku nyingi, na mume alishamrudisha kwao. Kitu cha kwanza alichoniambia ni samahani. Nilimwambia asiniombe msamaha. Kila nikisoma habari za Henhenet namwona yeye.

Wamisri wenyewe waliujua ugonjwa huu. Mwaka 1889 wachimbaji wa Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, walipata huko Lahun, karibu na Fayum, hati ya mafunjo ya takriban 1800 KK inayohusu magonjwa ya wanawake peke yake, yenye vifungu 34. Vifungu vingi vinatoa tiba: kumfukiza mama, kumpaka mafuta, kumpa cha kunywa. Kifungu cha mwisho, ambacho kimechakaa sana, kinamtaja mwanamke ambaye mkojo wake uko mahali pa kumtaabisha. Tabibu anasema kwamba ukiendelea kutoka naye anausikia, atabaki hivyo maisha yake yote. Nimeisoma sentensi hiyo kama muuguzi na nimemheshimu aliyeiandika. Hakumdanganya mgonjwa, na hakumwambia kwamba kosa ni lake.

Sasa mwulize mwenzako: kama kuzaa kulikuwa rahisi, mbona watu wale walikuwa na hofu kubwa kiasi kile? Walichonga meno ya kiboko yakajaa picha za walinzi wa mama na mtoto. Walikuwa na Taweret, mungu wa kike mwenye umbo la kiboko na tumbo la mimba, mwenye makucha ya simba, na Bes, kibeti mwenye uso wa kutisha, aliyewekwa hata kwenye vitanda ili afukuze mabaya. Mtu haweki walinzi mahali pasipo hatari.

Na walizaa kwa utaratibu, wakiwa na watu wa kuwasaidia. Mwanamke alichuchumaa juu ya matofali ya udongo, wengine wakimshika. Kwa miaka mingi matofali hayo yalijulikana kwa maandishi na picha tu, mpaka mwaka 2001 timu ya mwanaakiolojia Josef Wegner ilipopata moja huko Abydos, Misri, katika nyumba ya aliyekuwa mkuu wa mji. Ni tofali bichi, halikuchomwa, urefu wake kama sentimita 35, la karibu 1700 KK. Upande mmoja bado una picha ya rangi: mama ameketi amempakata mtoto wake mchanga wa kiume, mwanamke mmoja yuko nyuma yake, mwingine amepiga magoti mbele. Wapo watatu, mama na wasaidizi wawili. Hakuna aliyekuwa peke yake shambani.

Na kuhusu kuchuchumaa, nikudokeze jambo ambalo walimu wako huenda wakalipitia harakaharaka. Bibi yako mzaa baba alijifungua watoto wake wote akiwa amechuchumaa, ameshika nguzo. Sisi tulipofundishwa kazi tuliwalaza akina mama chali wote, kwa sababu vitanda vya leba vilitengenezwa hivyo na sisi tulikuwa tunaona vizuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama ahimizwe kuchagua mkao anaoutaka, ikiwemo mikao ya wima. Ukifika wodini muulize mama anataka kukaa vipi. Utashangaa ni wangapi hawajawahi kuulizwa.

Jambo la aibu nalo linanikera. Kijiji cha Deir el-Medina kilikuwa cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme wa Misri. Karani wao aliandika mahudhurio ya kazi kwenye kipande cha jiwe la chokaa, mwaka wa 40 wa Ramesses II, yaani karibu 1240 KK, na jiwe hilo lipo jumba la makumbusho la British Museum, London. Fulani hakuja, ameumwa na nge. Fulani hakuja, macho yanamuuma. Fulani hakuja, anatengeneza bia. Fulani hakuja, mke wake yuko hedhini, au binti yake. Limeandikwa hivyo hivyo, katikati ya sababu nyingine, kwenye daftari la serikali. Halafu mimi ninawajua wasichana wa leo wanaokaa nyumbani siku hizo na kumwambia mwalimu kwamba walikuwa na malaria.

Si kila mahali pa kale walikuwa na akili hiyo. Baadhi ya waandishi wa Kigiriki waliamini kwamba mfuko wa uzazi huzunguka mwilini, unapanda hadi kifuani na kumkaba mwanamke pumzi, na dawa mojawapo ilikuwa kumwozesha mapema. Aliyewapinga ni Soranus wa Efeso, tabibu aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Huyu ndiye ninayetaka umkumbuke, kwa sababu aliandika kwa ajili ya watu kama wewe. Alisema mkunga mzuri ajue kusoma, asiwe mlevi, asiwe na tamaa ya pesa, asiongozwe na ushirikina, ajue kutunza siri, na kucha zake ziwe fupi. Tena akasema mkunga asiukazie macho uke wa mzazi, maana mama akiona haya mwili wake hujikaza. Mtu huyo alikuwa amekaa leba, si bure!

Karibu na Ostia, bandari ya Roma, kuna kaburi la mkunga aitwaye Scribonia Attice, la kama 140 BK. Mbele ya kaburi kuna kigae cha udongo kinachomwonyesha kazini. Mama ameketi kwenye kiti cha kujifungulia, msaidizi amemshika kwa nyuma, na Scribonia yuko kwenye kigoda mbele yake, mkono ameunyoosha kumsaidia. Uso wake ameugeuza, anatazama pembeni. Anafanya kazi kwa kupapasa ili mama asione haya. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona picha inayoieleza vizuri zaidi.

Nikuongezee moja utakalolipenda. Wamisri walimpima mwanamke mimba kwa kumkojolesha kila siku juu ya ngano na shayiri. Zikiota, ana mimba. Mwaka 1963 watafiti walilijaribu jambo hili, wakaona mkojo wa wajawazito uliotesha nafaka kwa karibu asilimia 70, na wa wasio wajawazito haukuotesha. Sehemu ya kujua kama ni wa kike au wa kiume ndiyo haikufanya kazi. Wasikwambie watu wa kale walikuwa wajinga. Walitazama, wakaandika walichokiona.

Walichokosa ni chumba cha upasuaji. Henhenet angezaliwa leo na nyonga ile ile, angefanyiwa upasuaji saa za mwanzo, akatoka na mtoto wake mikononi. Hata fistula ikitokea, ikiwahiwa ingali mbichi na ndogo, mpira wa mkojo ukikaa wiki kadhaa unaweza kuiponya, na iliyo kubwa hushonwa. Addis Ababa, Ethiopia, hospitali ya fistula ya akina Hamlin, madaktari mume na mke, ilianzishwa mwaka 1974. Hapa kwetu hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanashona bila malipo, na wamewahi kutuma nauli kwa simu ili mgonjwa aweze kufika. Yule msichana wa kanga tulimpatia rufaa, na alirudi kunisalimia akiwa amevaa gauni jeupe. Lakini kwa nini alipata fistula, wakati chumba cha upasuaji kipo? Kwa sababu nyumbani walisema wa zamani walizaa wenyewe. Halafu bodaboda haikupatikana usiku. Nchi imejenga chumba cha upasuaji, na maneno ya mwenzako ndiyo yanayomzuia mama kukifikia.

Kwa hiyo mjibu, tena mbele ya darasa hilo hilo. Mtajie Henhenet, mwonyeshe jeneza la Kawit, mwulize angemshauri Henhenet ashike jembe saa ngapi. Usimfokee, huenda hakuna aliyewahi kumwambia. Atakuwa leba pamoja nawe mwaka kesho, nawe utahitaji ajaze patografu yake, ile chati ya kufuatilia uchungu, kwa uaminifu na apige simu ya rufaa mapema mchoro ukivuka mstari wa tahadhari.

Fedha ya buti na aproni nimekutumia kwenye simu, angalia kama imeingia. Iliyobaki nunua kikata kucha. Shangazi yako amejifungua salama Jumanne, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Walimpeleka kituo cha afya mapema na mimi nilikuwa naye. Jina bado hawajakubaliana. Nimependekeza moja, wamekataa, wanasema halijulikani huku.

Mama yako akupendaye.